Upande wa Nyuma wa Msonobari

9 Februari

Kaka Ramani,

Kabla hujaketi kwa hofu, hakuna aliyekufa. Nakutangulizia hilo kwa sababu najua bahasha nene inavyokutisha, na kwenye simu husikii vizuri, unabaki kuitikia "ndiyo, ndiyo" hata ukiulizwa umekula nini. Tuko salama wote. Mimi ni magoti tu, na hayo yameharibiwa na kukanyaga cherehani, kwa hiyo sina wa kumlaumu.

Habari ni ujenzi. Mpwa wako, ambaye sasa mtaa mzima unamwita Saruji hadi mkewe, ameamua kuongeza vyumba juu ya nyumba. Mkewe ni mjamzito, na wawili wale hawawezi kulea mtoto katika chumba kimoja na marundo yangu ya sare za shule. Sina neno. Tatizo ni ngazi. Ngazi itapanda kutoka ua wa nyuma, palepale kwenye ukuta mfupi unapokaa mti wako.

Usiniulize mti gani. Ule mche wa msonobari uliouacha kwenye kopo la rangi ulipoondoka. Sikuwahi kukuandikia habari zake, maana kila barua ilikuwa na mambo yaliyouzidi. Kopo lilioza, nikauhamishia kwenye beseni lililotoboka. Kila ulipofikia kamba ya nguo niliukata kichwa kwa mkasi wa kitambaa, kwa kuwa ulinipakia utomvu kwenye mashuka. Sasa una shina nene kuliko kifundo cha mguu wangu, na mimi si mwembamba, lakini kimo haupiti paja.

Juzi Saruji aliusimamia, mikono kiunoni.

"Mama, huu una umri gani?"

"Umekuzidi wewe."

"Na ndiyo umeishia hapo? Basi umegoma. Mti uliogoma ni kuni."

Chini ya ngazi hakutakuwa na jua, na kila niliyemuuliza anasema msonobari bila jua haukai. Ua uliobaki wote ni kivuli cha nyumba. Basi niambie wewe mwenyewe. Niupeleke shuleni wakaupande, niugawe, au niache mambo yaende? Mti ni wako. Sitaki siku moja uniulize nikakosa jibu.

Dada yako,
Cherehani

3 Machi

Dada mdogo Cherehani,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama kwenye ngazi za jengo letu, koti mwilini, mfuko wa viazi mkononi. Mama mmoja wa ghorofa ya pili alinipita akapanda, akashuka tena, akanikuta palepale. Akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia nimepata habari za mzazi mwenzangu. Sijui kwa nini nilisema hivyo.

Nilidhani ulikufa mwaka uleule. Mbegu yake niliiokota chini ya misonobari ya ofisi yetu ya ramani, nikaiotesha ili nione tu kama itaota. Nilipoondoka nilijua ninachokiacha: wazazi, nyumba, wewe, kazi. Mche sikuuweka katika hesabu. Niliukumbuka nikiwa ndani ya treni, na ajabu ni kwamba ndio pekee niliolilia. Yale mengine yalikuwa makubwa mno kwa machozi.

Sasa sikiliza, na umsomee Saruji. Mti huo haukugoma. Bila kujua, umeufanyia kazi ambayo watu huisomea. Huku, katika maktaba iliyo karibu nami, kuna rafu nzima ya vitabu vya sanaa iitwayo bonsai: kulea mti ndani ya chungu, kuupogoa na kuukunja miaka mingi, hadi mti wa kimo cha paja uwe na sura ya mti mkubwa uliosimama peke yake mlimani. Nimevisoma vyote, vingine mara nyingi, kama mtu anavyosoma habari za nchi asiyoweza kwenda. Mwenyewe sijalea hata mmoja. Dirisha langu linatazama ukuta wa jirani, na jua hupita humu kama mgeni mwenye haraka.

Kwa hiyo usiupeleke shuleni. Usiugawe. Na kwa sasa usiukate. Msonobari una tabia moja ambayo mwembe au mpera hauna: ukilikata tawi chini ya sindano zake za mwisho, yaani yale majani yake membamba, tawi lile halichipui tena. Linakufa hadi shinani.

Chukua tepu yako uupime kama unavyompima mteja. Shina, urefu, kila tawi limetoka wapi na linaelekea wapi. Tena mwombe Saruji asubiri. Haya ni mambo ya misimu, si ya wiki.

Kaka yako,
Ramani

2 Aprili

Kaka,

Mteja wako nimempima, na hakusimama vibaya. Kiuno, pale shina linapotoka udongoni, tepu imezunguka na kuonyesha mapana ya viganja vyangu vitatu na nusu. Mizizi imetambaa juu ya udongo pande zote kama vidole. Shina linapanda, linapinda kulia, linarudi. Pale kwenye kila pindo ndipo nilipokuwa naukata kichwa. Mkono wa kulia ni mfupi, mnene. Nyuma kuna matawi madogo mengi yanayotazama ukuta, hayo sijayapima. Ila mkono wa kushoto, kaka! Umetoka chini kabisa, mrefu, umeshuka nje ya beseni kama mtu anayechota maji kisimani. Nilikuwa naupita kila siku na kapu la nguo, sikuwahi kuuona. Sasa nimeuona na siwezi kuacha kuutazama.

Saruji nimemsomea. Alicheka hadi akakaa juu ya matofali. "Mjomba anataka nihamishe ngazi kwa sababu ya kitu kinachonifika gotini?" Nikamwambia ni pajani. Mkewe akaja akasimama upande wangu, na tumbo lake hilo, basi mwanaume akalainika kidogo. Tumekubaliana hivi, nakuandikia maneno yake mwenyewe:

"Mimi si mkatili, mama. Mtu mmoja anayejua miti, asiye wewe wala mjomba, aseme kwamba huu ni mti wa maana. Akisema, ngazi naihamisha, hata kama itabidi nivunje nilichojenga. Asiposema, unaondoka na kifusi. Tusirudie tena mazungumzo haya."

Tukapeana mikono mbele ya mkewe. Na mtu huyo yupo. Hapa mjini kuna chama cha wapanda miti, wanafanya maonyesho ukumbi wa maktaba. Mwamuzi wao ni bwana mmoja mstaafu wa idara ya misitu, wanamwita Bwana Misitu. Wanasema hasifu kitu. Maonyesho yajayo ni mwaka kesho, Novemba. Hadi hapo Saruji atakuwa bado anasimamisha nguzo za upande wa mbele.

Nina swali. Kwenye ncha za matawi yametoka mambo yamesimama wima, meupe-meupe, kama mishumaa. Ni ugonjwa?

Dada yako,
Cherehani

24 Aprili

Dada mdogo,

Si ugonjwa, na hata vitabuni huitwa mishumaa. Ni machipukizi ya mwaka huu, na kazi yetu yote imo humo.

Nimeuchora mti kwa vipimo vyako. Mchoro huo hapa, umekunjwa mara nne. Utaona kila kitu nimekijenga juu ya mkono wa kushoto. Shina linaelekea kulia, mkono unashuka kushoto, jicho la mtazamaji linasafiri kati ya hivyo viwili na halichoki. Bila mkono huo ni kichaka. Ukiwa nao ni mti unaoegemea upepo wa miaka. Nimeubandika mwingine kama huo juu ya kitanda changu.

Sasa mishumaa. Msonobari hupeleka nguvu zake zote juu na kwenye ncha. Ukiuachia, kilele kinanenepa na mikono ya chini inakauka. Mwezi wa sita, mishumaa ikishanyooka na kuanza kufunguka, uikate. Anza na ile dhaifu ya chini. Ile yenye nguvu ya juu uisubirishe hadi wiki ya pili ndipo uikate, ili ichelewe kuchipua tena. Yule mnyonge hutangulizwa njiani, na mwenye mbio hushikwa shati kidogo. Mwisho wa kiangazi wote watakuwa wamefika pamoja.

Umwagilie asubuhi. Kamwe usiuache ndani ya maji.

Kaka yako,
Ramani

11 Julai

Kaka,

Nimekata. Nilirudisha mkasi mezani mara nyingi kuliko siku ya kwanza nilipokata nguo ya bibi harusi, maana kitambaa kikiharibika hununuliwa kingine. Jirani muuza mayai alichungulia ukutani. "Mama Saruji, unanyoa mti?" Nikamwambia nampunguza nywele, ana harusi Novemba mwaka kesho. Sasa mtaa mzima unauliza bwana harusi ni nani.

Nilitaka kuanza na ile minene, nikaiona imejaa kiburi. Nikakumbuka ulivyosema, nikarudi kwa wanyonge. Na leo, kaka, pale nilipokata zimetoka chembe ndogo za kijani, mbili mbili, tatu tatu, chini na juu. Nimemwita Saruji akaangalie. Alitazama, akasema "hm." Hiyo "hm" yake ilikuwa ndefu.

Cherehani

19 Novemba

Dada mdogo,

"Hm" ya fundi mjenzi ni nusu ya hotuba. Tunaendelea.

Miezi hii ya mwisho wa mwaka ndiyo ya waya. Kwanza zipunguze sindano za zamani: juu zing'oe nyingi, chini kidogo, ili jua lifike ndani. Kisha tafuta waya wa shaba uliolainishwa kwa moto. Uzungushe kwenye tawi kwa mshazari, usibane, usiache nafasi. Mkono wa kushoto ushushe polepole zaidi ya ulivyo sasa, kama nilivyochora, na ncha yake uiinue kidogo, kama mtu anayenyoosha kiganja. Weka dole gumba ndani ya pindo, sikiliza kwa vidole. Tawi husema kabla ya kulalamika.

Huku theluji imeanza. Mama wa ghorofa ya pili ameniuliza mchoro ulio juu ya kitanda changu ni wa wapi. Nikasema ni nyumbani. Akasema, "Una nyumba nzuri sana, yote ni mti."

Kaka yako,
Ramani

8 Januari

Kaka,

Heri ya mwaka. Hatujambo. Mti haujambo. Waya nimefunga.

Mjukuu alizaliwa tangu Septemba, nilikuwa sijakuandikia, wa kike, ana sauti ya king'ora. Ameshapewa jina la utani, Meneja, kwa kuwa sote tunafanya kazi kwake.

Nina rafiki yangu, naye ana msonobari. Bahati mbaya amepoteza tawi moja, la chini, lile zuri kuliko yote. Limevunjika kabisa, limebaki kishina urefu wa kidole. Ananiuliza mtu wa namna hiyo afanye nini. Nikamwambia nitakuuliza.

Cherehani

1 Februari

Dada mdogo,

Hongera ya Meneja. Mpe nafasi ya kunguruma, ndiyo sehemu bora ya kazi hiyo.

Kuhusu rafiki yako, nimefikiri sana, ndiyo maana nimechelewa. Mwambie hivi.

Kwanza, asilie juu ya mti. Alie pembeni, kisha arudi.

Pili, asikikate hicho kishina kilichobaki. Watu wa haraka hukikata ili aibu isionekane, likabaki kovu la duara kama kitufe. Akiache. Akichubue gome lote hadi kwenye mti mtupu, achanechane ncha yake kwa plaizi kufuata nyuzi zake, kama ilivyopasuliwa na radi. Kikikauka, akipake dawa ya chokaa na salfa, ile ya wakulima wa matunda. Kitakuwa cheupe kama mfupa. Misonobari ya milimani yote ina mifupa ya namna hiyo. Hakuna anayeitazama akasema imeharibika, husema imeishi.

Tatu, na hili ndilo kubwa: auzungushe mti. Tunapoupenda mti kwa upande mmoja, hatujui una nini kwa nyuma. Auweke juu ya meza, akae chini, macho yawe usawa wa shina, auzungushe kidogo kidogo siku nzima. Atafute mahali ambapo mizizi imetanuka, shina linamwinamia mtazamaji kidogo kama linamsalimu, na hakuna tawi linalomchoma jichoni. Huo ndio uso. Mti wenye uso mmoja tu ni nadra. Sisi ndio tunaochoka kutafuta.

Michoro aliyopewa zamani aiweke kando. Ilichorwa na mtu aliyeujua mti mwingine.

Kuhusu mti wetu sikuulizi kitu. Umesema haujambo.

Kaka yako,
Ramani

17 Agosti

Kaka,

Rafiki yangu anashukuru. Amezungusha mti hadi shingo imemuuma. Kuna siku alikaa chini tangu chai ya asubuhi hadi wateja wakaja kudai sare zao, akawaambia warudi kesho, na wakaondoka wakinong'ona.

Anasema ile dawa ya salfa inanuka kama mayai yaliyooza. Muuza mayai alikuja akiwa amekasirika, akidhani wanamharibia biashara. Anasema pia matawi madogo ya nyuma, yale ambayo hakuwahi kuyapima, ameyapogoa mishumaa mwezi wa sita, wanyonge kwanza, na yamejaa. Ameyafunga waya na kuyafungulia. Chungu amepata, cha udongo, kahawia, si kirefu, na mizizi ameihamisha pamoja na ule ukungu mweupe ulioshikamana nayo, baada ya kusoma ile barua yako nyingine, ya Machi mwaka huu, uliyomwonya asiuoshe.

Saruji amemaliza nguzo za mbele. Wiki iliyopita alichora ngazi kwa chaki ukutani, mstari ukapita nyuma ya mti. Akakung'uta mikono akaondoka. Mimi nikaendelea kumwagilia.

Cherehani

6 Septemba

Dada mdogo,

Mwambie rafiki yako amefanya vizuri kuuacha ukungu, maana ndio unaosaidia mizizi kunywa. Wengi huuosha kwa usafi, na usafi huo huua.

Kwako wewe nina maneno machache ya siku ya maonyesho. Usieleze. Usiombe radhi kwa lolote kabla hujaulizwa. Siku mbili kabla safisha sindano zilizokauka, futa chungu kwa kitambaa chenye mafuta kidogo. Uweke mti, uutazamishe uso wake mbele, urudi nyuma. Uso gani, unajua wewe. Wewe ndiye unayekaa nao.

Siku hiyo sitatoka. Nitakaa na koti langu, endapo nitahitajika.

Kaka yako,
Ramani

22 Novemba

Kaka yangu,

Kaa chini. Safari hii kaa kweli.

Picha iko ndani ya bahasha, usiitazame bado. Kwanza nikwambie: sina rafiki mwenye msonobari. Mkono wa kushoto niliuvunja mimi, Desemba ile. Uliniambia nikunje polepole, nami nikafanya kama ninavyofanya kola ngumu kabla ya pasi: nikailowesha. Nikamwagilia mti asubuhi na jioni, nikazungushia tawi vitambaa vya maji, nikasema sasa litakuwa laini. Kumbe kitambaa kilicholoa hulegea, na tawi lililojaa maji hukakamaa. Lilikatika mikononi mwangu kama karoti. Nilikaa pale uani na mkono wa mti mapajani kama mtu aliyeshika mtoto wa watu. Sikuweza kukuandikia. Mchoro wako ulikuwa juu ya cherehani, na mwingine juu ya kitanda chako.

Basi nikambuni rafiki. Na yote uliyomwandikia rafiki nikayafanya mimi. Gome nilichubua kwa kile kidude changu cha kufumulia mshono. Hakuna kisu kingepita vizuri hivyo.

Sasa maonyesho. Saruji mwenyewe aliubeba, kwa mkokoteni wake wa matofali, ameutandikia magodoro ya Meneja. Njia nzima: "Polepole jamani, pisheni!" utadhani anasafirisha kioo. Mlangoni karani akaniuliza, "Mama, mti ni wa nani?" Nikafungua kinywa niseme ni wa kaka yangu, kikatoka kitu kingine. Nikasema, "Wangu." Nisamehe. Au usinisamehe, nimeshasema.

Walituweka meza ya mwisho, karibu na mlango wa choo, katikati ya mizabibu ya plastiki ya mapambo na mti mmoja wa limau uliokuwa na malimau mawili tu. Uso niliouweka mbele ni ule wa nyuma, kaka, ule uliotazama ukuta miaka yote. Kutoka upande huo shina linapanda likipinda mara mbili kama moshi, halafu linakuinamia. Yale matawi niliyokataa kuyapima yamekuwa mawingu matatu ya kijani. Na chini, upande wa kulia sasa, mfupa mweupe.

Bwana Misitu ni mzee mrefu, hatabasamu. Alipita meza ya kwanza, ya pili, bila kusimama. Alipofika kwetu akasimama. Akachuchumaa, na magoti yake yakalia kama yangu. Akauzungusha mti taratibu hadi upande wa zamani, na huko pengo linaonekana wazi. Akatazama pengo. Akaurudisha.

"Hapa palikuwa na tawi."

"Ndiyo, bwana."

"Zuri?"

"Zuri kuliko yote."

"Nani amekufundisha?"

"Kaka yangu."

"Yuko hapa?"

"Hapana. Yuko mbali. Hajauona tangu ulipokuwa mche kwenye kopo la rangi."

Akainuka. Halafu akawaita vijana wawili wa chama, akawaambia, "Utoeni hapa."

Kaka, mimi nilikuwa nimeshaanza kukunja kitambaa cha meza. Nikajisemea basi, umeondoka na kifusi. Lakini Saruji! Mwanangu alitoka ukutani alipokuwa amesimama, akaingia kati ya wale vijana na mti.

"Mzee, shikamoo. Unautoa kwa nini?"

"Marahaba. Hapa si mahali pake."

"Si mahali pake? Unajua mama yangu ameufanyia nini huu mti? Unaona sindano hizi? Ameziondoa moja moja kwa vidole! Unaona huu mweupe? Watu wanadhani ni kasoro, mzee, si kasoro, hii ndiyo inafanya jicho lisimame! Utazame kutoka hapa. Hapana, njoo hapa, inama kidogo. Unaona unavyokuinamia? Mti gani mwingine humu umekusalimu leo? Ule wa limau?"

Mwenye limau akasema, "Limau langu limekukosea nini?" Watu wakaanza kucheka. Bwana Misitu alimsikiliza Saruji hadi mwisho, mikono nyuma. Kisha akasema, "Kijana, nimewaambia wautoe hapa chooni wauweke pale mbele, juu ya meza ya peke yake. Ndio wa kwanza. Ukiniruhusu."

Ukumbi ulilipuka. Muuza mayai alipiga vigelegele, naye ndiye aliyenicheka kuliko wote. Saruji, masikio yamemwiva, akaubeba mwenyewe hadi mbele, akiwafukuza wale vijana: "Acheni, acheni, hamjui kuushika." Alipouweka, akautengeneza uso sawasawa bila kuniuliza. Akaja akasimama kando yangu. Nikamwambia, "Huyo ni mtu mmoja anayejua miti." Akasema, "Mama, nilishafuta ile chaki tangu Septemba, ukadhani ni mvua. Ila ningekuambia, usingefanya kazi."

Nilimpiga na kitambaa cha meza mbele ya watu wote.

Sasa tazama picha.

Dada yako,
Cherehani

14 Desemba

Dada yangu,

Nimeitazama. Nimeitazama na miwani, bila miwani, kwa kioo cha kukuzia cha mama wa ghorofa ya pili, na dirishani mchana lilipopita lile jua lenye haraka. Kisha nikavaa koti nikatoka nayo. Nimemwonyesha mlinzi wa mlango, muuza magazeti, yule msichana wa maktaba aliyekuwa akinitolea vitabu vile bila kuuliza, na dereva wa basi ambaye hakutaka kuona lakini taa ilikuwa nyekundu. Nimewaambia wote: "Dada yangu." Wote wamesema sentensi ileile kwa namna mbalimbali, kwamba mti umesimama kama una habari ya kutoa. Katika mji huu nimetembea miaka mingi kama mtu anayeomba njia. Jana nilitembea kama mtu anayeijua.

Sasa zamu yangu. Nilijua, Cherehani. Nilijua tangu Januari. Wewe ambaye hukuandika barua hata moja bila kunisimulia mti kinagaubaga, ghafla ulisema "mti haujambo" na kumaliza. Na mtaani kwetu hakuna rafiki yako aliyewahi kutunza hata kitunguu. Niliubandua mchoro ukutani jioni ileile. Nilikaa nikakasirika, si nawe, nilikasirikia mkono. Nami ndiye niliyesahau kuandika kwamba mti unaokunjwa huachwa na kiu kidogo. Vitabu vyote vimeandika hilo katika mistari ya kwanza, nikalipita kama tunavyopita mambo tunayodhani kila mtu anayajua.

Sikusema kwa sababu moja. Kama ningekuandikia wewe, ungenitii, ungetengeneza mti wangu uliovunjika. Rafiki yako hakuwa na wa kumtii. Ndiyo maana amepata uso ambao mimi, na mchoro wangu wa vipimo, nisingeuona hata ningekaa uani miaka hii yote. Mimi niliuchora kutoka upande ule kwa sababu ndio niliouacha.

Kwa hiyo umejibu vizuri pale mlangoni. Ni wako. Mwambie Saruji namshukuru kwa ngazi, na kwa kusema na mwamuzi kama mtu mwenye mali.

Nimeketi sasa na karatasi tupu, nikitaka kukuandikia kazi za msimu ujao kama kawaida. Nimeandika mistari miwili nikaifuta. Umeushika wewe, unaujua wewe. Basi nakuuliza kama mwanafunzi: mwaka huu tufanye nini?

Kaka yako,
Ramani

9 Januari

Kaka Ramani,

Ngazi imeanza kujengwa, upande wa jikoni. Imekuwa nyembamba kidogo, na Saruji anapita kiubavu akibeba ndoo za zege, akilalamika mwenyewe na kujijibu mwenyewe. Juu ya ukuta mfupi amemwaga zege safi akatengeneza kibao, kipana, kimelala sawa kwa pima-maji, kina mfereji mdogo wa kutoa maji. Ameupima mti mara tatu. Hakuniomba vipimo.

Umeniuliza tufanye nini mwaka huu. Nimekaa chini nikautazama, macho usawa wa shina, kabla ya kukujibu.

Hatufanyi kitu. Hatukati mshumaa, hatufungi waya. Umechoka kwa ushindi kama sisi. Tunaumwagilia asubuhi, tunauacha juani, tunautazama tu.

Mwaka kesho nitakuandikia cha kufanya.

Dada yako,
Cherehani